Zahabu Yenye Ilibaki Kwenye Blanketi

Misisi, siku ya yenga, kisha kutoka kanisani

Mama yangu mupendwa,

Sasa hivi tu Sifa amevaa viatu vya baba yake, vile vya kuingia navyo kwenye shimo, akajikokota mpaka mulangoni, akaanguka. Hakulia. Alinitazama kwanza usoni ajue kama imemuuma. Nikacheka, naye akacheka, akasimama, akaanza tena. Ni mutoto wa namna hiyo. Maumivu yake anaisoma kwenye uso wangu, kwa hiyo hizi siku najikaza nisiwe na uso mubaya mbele yake, na sifaulu.

Na wewe uko namna gani? Mugongo imekuachia kidogo? Baba bado anakohoa akitoka kwenye ziwa asubuhi? Sisi huku, mi na Sifa na baba yake, tuko wazima, tunakula, tunalala. Hapo kwa kulala njo iko maneno, lakini nitafika.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu iko. Kwenye simu, Mama, we unaweka sauti kubwa, mukubwa wangu Yaya Neema anasogea, mama mukubwa anasogea, na mbele nimalize salamu kila muntu ananiuliza Sifa ameota meno ngapi. Haya maneno siwezi kuisema hivyo. Leo nitaisema mbele ya bantu wengi, na nataka ikufikie wewe kutoka kwangu, isikufikie kutoka kwa bantu wa pikipiki. Barua nampa Shabani, ule mwenye alileta miche yenu. Usome peke yako. Kama macho inakusumbua, Yaya akusomee, lakini yeye tu.

Mambo ya chemchem unaijua, ni wewe njo ulibaombea bamama wa kanisa huko Baraka batoe miche. Lakini hujui namna tulichangisha huku, na kama hujui hiyo hutaelewa kosa yangu.

Chemchem iko chini ya kilima, na juu yake banachimba. Kila mvua, tope ya mashimo inashuka mpaka ndani ya maji yenye tunakunywa. Batoto banaharisha. Tulilalamika mpaka tukachoka. Kisha Mama Jeki, mwenye anatuongoza sisi bamama benye kutwanga mawe ya zahabu, akasema basi: tuchimbe mufereji tope ipite pembeni, tupande miti pale juu, tuzungushie nguzo ili mbuzi isile. Miche itatoka Baraka. Franga ya nguzo na ya mufereji tutafute sisi.

Huku ukipita na kikapo ya michango, kila muntu anakuambia kesho. Lakini kila pedeje, ni kusema mwenye shimo, anaweza kukutolea mufuko moja ya mawe. Hakuna mwenye anajua ndani iko nini. Pengine zahabu, pengine mawe tu, haimuumi kutoa. Kwa hiyo tuliomba mawe. Balitoa, Mama. Hata bale benye hawatusalimiaga balitoa. Tukatwanga yote pamoja, kila mama na kinu yake, tunaimba, tunachekana juu ya jasho.

Kisha inaoshwa. Unainamisha ubao, unatandika blanketi juu yake, unamwaga ule unga wa mawe na maji mengi. Tope inateremka, zahabu, kwa vile ni nzito, inashikwa na manyoya ya blanketi. Mwisho unasuuza blanketi ndani ya beseni, mbele ya bantu bote, unatoa, unabadilisha maji, unasuuza tena, mpaka maji isionyeshe kitu. Ile kusuuza njo bantu banaitazama. Ukiona muntu amesuuza mara moja na amekunja blanketi, hapo unamuuliza: unapeleka wapi? Kila muntu wa Misisi anajua hiyo, hata batoto.

Blanketi ilikuwa yangu. Ile ya kijani yenye ulinipa siku ya kuolewa. Sikuwa na kitu ingine ya kutoa, nikatoa hiyo itumike. Mama Jeki akasimama, akasema, "Mutazame mutoto wa bantu, anatoa kitu yenye anajifunika." Bakanipigia makofi. Na palepale bakanipa na kazi ya kusuuza. Mama mumoja akauliza, "Tunamujua huyu?" Mama Jeki akajibu, "Ni mutoto wa Mama Neema wa Baraka, mwenye anashika sanduku ya kanisa. Hawezi kuiba." Nilijisikia mukubwa, Mama. Nilitembea kama mwenye amevaa kitenge mupya.

Siku ya kuosha Sifa alikuwa na homa, nilimubeba mugongoni. Nilisuuza mara ya kwanza. Bantu bote bakainama juu ya beseni, ikaonekana kidogo, kama unga wa pilipili. Halafu mvua. Unajua mvua ya huku milimani, haitoi habari. Bote bakakimbilia chini ya turubai, nikabaki mi na beseni na mutoto mwenye analia. Mama Jeki akaniita kutoka kule, "Mama Sifa, imeisha?"

Nikasema, "Imeisha."

Hakuna muntu alinisukuma kusema vile. Nilijua haijaisha. Nilisema imeisha juu nilitaka kwenda nyumbani, na bote baliniamini palepale, hata mumoja hakuuliza mara ya pili. Nikabapelekea beseni chini ya turubai, nikamufunika Sifa na ile blanketi yenye maji, nikaenda.

Mpaka hapo ilikuwa kosa ya muntu mwenye haraka. Kama ningerudi kesho yake na blanketi kwenye kichwa, bangenitukana kidogo, bangecheka, basi.

Kesho yake jua ikatoka, homa ikashuka. Nilianika blanketi kwenye kamba, Sifa akawa anajificha nyuma yake, anajifunika, anatoka, anajificha. Akanijia mbio. Shingo yake na mashavu yake inametameta. Nikamupangusa na kidole, nikatazama kidole yangu. Sikumuita muntu. Nilikaa chini.

Baba Sifa akarudi kutoka shimo, akanikuta vile. Akaona kidole, akaona kamba.

"Usiifue," akasema. "Leta beseni."

Akasuuza yeye mwenyewe, na mikono ya muntu mwenye ni kazi yake. Ilitoka, Mama. Ilitoka kupita ile yenye tulionyesha bantu. Akatazama beseni, akanitazama mi.

"Hii ni ya nani?"

"Ya chemchem."

"Na blanketi ni ya nani?"

"Yangu."

"Balikupa ingine?"

"Hapana."

"Basi chemchem imekulipa blanketi yako." Akacheka. Na mi nikacheka.

Usimuchukie. Baada ya kucheka aliniambia pia, "Kama unataka kubarudishia, nenda sasa, mbele sijavua viatu." Alisimama hapo ananingoja. Ni mi nilinyamaza. Nilinyamaza mpaka akaelewa, akaenda kwa muuzaji wa zahabu. Tulinunua godoro. Yenye ilibaki tulikula: nyama, mafuta, sukari, sabuni ya kunukia. Tangu tufike Misisi tulikuwa tunalala kwenye mukeka, na Sifa alikuwa anaamuka na alama ya mukeka kwenye shavu. Nilijiambia ni juu yake. Lakini hata mi nililala vizuri. Sitakudanganya.

Sasa kuna mama mumoja anaitwa Goreti. Ni Murundi, alitoka kambi ya Lusenda, anatwanga mawe huku, na batoto yake balibaki kambini na bibi yabo. Kila akipata kidogo anabatumia. Ile zahabu kidogo yenye tulionyesha, yeye na Mama Jeki njo balitumwa kuiuza. Mama Jeki mugulu inamuuma, anatembea polepole, akafika na kukuta Goreti amekwisha kupima na kuuza. Ni kusema, hapo katikati alikuwa peke yake.

Wakati bamama baliona franga haitoshi hata nguzo za upande mumoja, maneno ikaanza. Kwanza ilikuwa mizaha.

"Mashimo yote ile," mumoja akasema, "na tunapata nguzo za kujengea choo?"

"Choo ya kuku," mwingine akajibu.

"Goreti, we, kule kwenu banafichaga zahabu wapi?"

"Kwenye nywele. Muangalie, ile kitambaa haimutokagi kichwani."

Bakacheka. Goreti akaweka mutwangio chini, akafungua kitambaa, akainamisha kichwa mbele yabo. "Mutafute," akasema.

Hakuna mwenye alitafuta. Hakuna mwenye aliomba radhi. Yeye hana kinu yake, alikuwa anaazima, na tangu ile siku kila kinu yenye anaomba iko na mwenyewe, mwenyewe anakuja sasa hivi. Mi nilikuwa pale, Mama. Natwanga. Nilitwanga na nguvu sana ili nisikie mawe tu.

Kisha akaja kwangu. Nilikuwa nachambua majani ya muhogo ya kupika sombe, akapiga hodi, nikamukaribisha, hatuna kiti, akakaa kwenye godoro. Sifa akamupandia kwenye magulu mara moja, mutoto huyu hana haya, akaanza kuchezea shanga yake.

"Mama Sifa," Goreti akasema, "we njo ulishika blanketi. Ulisuuza mpaka mwisho, si ndiyo?"

Nikaendelea na sombe.

"Ubaambie tu vile ulionyesha ilikuwa kidogo tangu mwanzo. We banakuamini. Mi ni mukimbizi, nikisema banasikia kelele."

"Nitaona," nikasema.

"Asante." Akapapasa godoro na mukono. "Muzuri. Mutoto analala vizuri hapa. Mungu amebakumbuka."

Hakuisema na ujanja. Nilimutazama uso, nikatafuta kama iko ananitega, hapana. Alifurahi tu juu ya Sifa. Nikamufungia sombe ndani ya majani, nikamupa aende nayo, na akanishukuru mara ingine. Alipotoka, Sifa alimulilia.

Nilisema nitaona, na sikuona kitu. Siku zikapita. Nikajiambia maneno itapoa. Nikajiambia anaweza kuazima kinu kwa bengine. Kisha Shabani akaleta miche yenu, imefungwa ndani ya mufuko yenye maji, hata mumoja haikuvunjika njiani. Akaniambia mbele ya bamama, kwa sauti, "Mama Neema amesema nimupe mutoto wake mukononi, asipewe mwingine, juu huyo anamuamini." Mama Jeki akasema amina. Nilipokea miche, nikakimbia nayo nyuma ya nyumba, bakafikiri ni furaha.

Haijapandwa bado. Bila nguzo mbuzi zitamaliza yote kwa siku moja. Iko nyuma ya nyumba, kwenye kivuli, naimwagilia maji yenye imebaki kisha kumuogesha Sifa. Majani inatoka, Mama, majani madogo, ya kijani kabisa, na kila nikienda kumwagilia naona haya mbele ya miti.

Yenye imenivunja ni ya leo kanisani. Goreti ameniambia kwenye mulango, wakati wa kutoka, anarudi Lusenda kesho. Huku hapati tena kazi, na kule kambini habari imefika mbele yake. Muzee wa kartie, ni kusema mutaa yabo, amemuuliza mama ya Goreti kama ni kweli mutoto wake aliiba franga ya chemchem. Hakunilaumu. Amesema tu, "Leo bamama banakutana pale chemchem. Kama utapata nafasi ya kusema lile neno, useme, ili niende na jina yangu."

Nimerudi nyumbani nikamuambia Baba Sifa nitasema, na si lile neno yenye Goreti ananiomba. Nitasema yote.

"Utataja jina yangu?" akaniuliza.

"Nitataja yangu."

"Ya bibi ni ya bwana. Pedeje akisikia tuko bantu wa kuficha blanketi, atanitoa kwenye shimo."

"Najua."

"Na kama banatufukuza Misisi?"

"Tutarudi Baraka, tutabeba samaki kwenye soko."

"Wewe utabeba samaki. Mi harufu inanishinda." Hapo alitaka kucheka, ikakataa. Akakaa muda murefu anatazama mutoto. Kisha akatoka, nikafikiri amekasirika ameenda kwa bandugu yake, kumbe ameenda kuomba kamba kwa jirani. Sasa hivi iko anafunga godoro. Amesema tutaipeleka pale iuzwe mbele ya bantu, na ile yenye tulikula, yeye atachimba mufereji bila kulipwa mpaka bamama baseme imetosha. Mi sikumuomba hiyo. Nimeandika hapa ili ujue bwana mwenye mulinipa kwake.

Mama, wewe unashika sanduku ya kanisa, na bantu baliniamini juu yako. Sasa banaweza kukuangalia wewe vibaya juu yangu. Hiyo njo inaniumiza kupita yote, kupita hata Goreti, na najua haifai iwe hivyo, yeye njo aliumizwa. Nakuomba ubaambie bamama wa Baraka wewe mwenyewe, mbele muntu mwingine hajabaambia. Usinitetee na homa ya mutoto. Nimesoma tena barua hii kutoka juu, nimeona nimejitetea nayo mi mwenyewe. Homa ilikuwa ya siku ile moja. Godoro tulilalia siku zote zingine.

Kama banataka miche yabo irudi, nitairudisha na Shabani. Kama banakubali ibaki, ipandwe na mikono ingine. Nitaomba Mama Jeki kama tunachangisha mawe tena, basi kila shimo itume muntu wake ashike pembe ya blanketi, na kusuuza isiishe mpaka yule wa mwisho aseme ameona maji haina kitu. Na mvua ikinyesha, tunyeshewe pamoja. Pengine hawatataka kusikia shauri kutoka kwangu. Lakini naamini chemchem itapona, Mama. Bantu balitoa. Hata kisha haya yote, balitoa, na banaweza kutoa tena kama banaona ndani ya beseni.

Na kama kuna muntu wa Baraka anasema ni mukimbizi njo aliiba, umuambie hapana, ni mutoto wako. Najua ni neno nzito kukuomba.

Unisalimie Baba, asiache kifua wazi asubuhi, avae ile koti. Unisalimie Yaya Neema na samaki zake za ndagala, umuambie Sifa ana meno mengi sasa anauma. Unisalimie mama mukubwa, mwenye alinifundisha kutwanga, asikie haya kutoka kwako na asilie sana. Unisalimie bibi ya pasta, umuombe aniombee leo hata kama barua itafika kisha leo. Na baba mudogo mwenye anatengeneza mitumbwi, umuambie mutoto anataja jina yake.

Godoro imekwisha kufungwa. Baba Sifa ameisimamisha mulangoni, imejaa mulango yote, nyumba imekuwa giza, naandika na mwanga ya dirisha. Tutapita nayo barabara yote ya katikati, mbele ya maduka, na bantu batauliza. Nimejizoeza neno ya kuanza nayo pale chemchem. Nimejaribu nyingi, zote zinaanza na mvua, nikaziacha. Nitaanza na jina ya Goreti, nitasema Goreti hakuiba, kisha nitasema nani

Mama, ngoja kidogo. Ni yeye. Iko nje, anatuchungulia pembeni ya godoro, amekuja atusindikize kwenye mukutano, anasema atanibebea mutoto. Ananiita. "Mama Sifa, utoke basi, banatungoja. Na hii godoro muzuri inaenda wapi?" Baba Sifa amenitazama, ananiachia mi nimujibu, na mi naacha kalamu hapa nimuambie yeye kwanza, mbele ya bengine bote.